Alama za LSAT zimekuangusha: urudie, uombe nazo hivyo hivyo, au usubiri mwaka?

Matokeo ya LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria za Marekani, hutoka asubuhi, wiki tatu hivi baada ya mtihani. Kwa sisi watu wa Afrika Mashariki tulioko Marekani, hayamjii mtu mmoja. Mama yuko Mwanza na simu mkononi, mjomba wa Columbus ameshaandika kwenye kundi la familia "wakili wetu, vipi?", na mwenye mtihani anaangalia 151 mahali alipotegemea 158.

Njia zilizo mbele ya mtu huyo ni chache, na zote zina watu waliozipita wakafika. Zinatofautiana kwa gharama: miezi, dola, na aina ya shule utakayoishia. Ndiyo maana naona alama za LSAT ni suala la bei kuliko suala la akili. Shule ya sheria itakayokuchukua huenda ipo hata sasa. Swali ni itakutoza kiasi gani, na baada ya miaka mitatu itakuacha ukiweza kufaulu mtihani wa uwakili au la.

Usifute matokeo siku ile ile

Waliolipia huduma ya Score Preview huona alama kwanza, kisha hupewa siku sita za kuamua kama wazibakize au wazifute. Kidole huwa chepesi kubonyeza kufuta, na kwa wengi haina faida. Tangu 2006, Chama cha Wanasheria cha Marekani, ABA, huzitaka shule ziripoti alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi aliyerudia, si wastani wa mitihani yake yote. Shule inayojali takwimu zake haina sababu kubwa ya kuisumbukia 151 yako ikiwa baadaye utaleta 157. Ukifuta, jaribio hilo bado linahesabika kwenye kikomo cha LSAC, shirika linaloendesha mtihani huu: mara tano ndani ya kipindi cha miaka mitano, na mara saba maisha yote. Yaani unalipa gharama ya jaribio na mkononi hubaki na kitu.

Mimi ningefuta tu ikiwa alama iko chini mno, tuseme pointi kumi chini ya mazoezi yako ya kawaida, na umeshaamua kurudia. Hata hapo nafuu yenyewe ni ndogo.

Ilikuwa siku mbaya, au ndicho kiwango chako cha sasa?

Hapa ndipo uamuzi wote unapolala, na ndipo watu wanapojidanganya zaidi. Chukua mitihani yako minne au mitano ya mwisho ya mazoezi, ile uliyoifanya kwa saa, sehemu zote kwa mkupuo, simu ikiwa chumba kingine. Tafuta wastani wake. Usichukue ile moja uliyopata 160 Jumapili ukiwa umelala vizuri, halafu ukaitangaza kwa binamu zako.

LSAT hupimwa kutoka 120 hadi 180, na katikati ya wafanya mtihani iko kwenye 152 au 153 hivi. LSAC yenyewe hutoa alama pamoja na upana wa kama pointi tatu juu na tatu chini, kwa kuwa inajua mtihani mmoja hauwezi kumpima mtu kwa usahihi kamili. Kwa hiyo kama wastani wa mazoezi ulikuwa 153 na umepata 151, hakuna kilichoharibika. Hicho ndicho kiwango chako leo. Ukirudia mwezi ujao bila kubadili namna unavyosoma, utarudi mulemule, pointi moja huku au huku. Kwa jumla wanaorudia hupanda pointi mbili au tatu. Ni faida, lakini haikutoi 151 ikakufikisha 165.

Kama wastani ulikuwa 158 na umepata 151, hiyo ni hadithi nyingine. Kuna kilichotokea: intaneti ilikatika, usiku wa kazi ya zamu uliunganika na asubuhi ya mtihani, au hofu ilikubana kwenye sehemu ya kwanza ukaburuza sehemu nzima. Mtu wa namna hiyo anastahili kurudia, na mapema.

Liko jambo la tatu linalotuhusu sana sisi ambao Kiingereza kimekuja baada ya Kiswahili, na pengine baada ya lugha ya nyumbani pia. Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga vitu imeondolewa. Sasa sehemu zinazohesabika ni tatu: mbili za kuchambua hoja na moja ya kusoma kwa ufahamu, kila moja dakika 35, pamoja na sehemu moja ya majaribio isiyohesabiwa. Mafumbo yale yalikuwa kimbilio la wengi, kwa sababu yanafundishika kwa michoro hata kama Kiingereza chako ni cha taratibu. Sasa karibu kila kitu ni kusoma, na kusoma haraka. Kama mazoezi bila saa unapata 162 na kwa saa 151, tatizo lako ni kasi ya kusoma, na kasi haiongezeki kwa wiki sita za mbinu. Inaongezeka kwa miezi ya kusoma kila siku maandishi mazito: hukumu za mahakama, makala za sayansi, historia. Usitegemee pia kuongezewa muda kwa sababu ya lugha, maana LSAC hutoa nafuu hiyo kwa wenye ulemavu au tatizo la kiafya linalothibitishwa. Kama unalo kweli, kwa mfano shida ya umakini iliyopimwa na daktari, omba. Kwetu haya mambo hufichwa, na kuyaficha kunamkosesha mtu muda ambao ni haki yake.

Kurudia msimu huu dhidi ya kuomba na ulichonacho

Wengi wanasimama kwenye njia panda hii, basi nianze na mambo yanayolinganishika kwa jedwali.

| | Kurudia msimu huu | Kuomba na alama ulizonazo |
|---|---|---|
| Inamfaa nani | Aliyeanguka pointi tano au zaidi chini ya mazoezi yake | Aliyefika au kupita alama ya katikati ya shule anayoitaka kweli |
| Unalipa nini sasa | Takribani dola 250 za mtihani, na miezi miwili ya jioni zako | Ada za maombi, na kama dola 45 kwa kila ripoti ambayo LSAC huipelekea shule |
| Unahatarisha nini | Maombi kuchelewa wakati nafasi na fedha zinapungua | Ufadhili mdogo, au wenye masharti |
| Ukikosea | Umepoteza ada na jaribio moja | Umefunga miaka mitatu na deni lake |

Mstari wa mwisho ndio unaonifanya niegemee upande mmoja. Kosa la kurudia ni dogo na linapita. Kosa la kuingia shule isiyokufaa kwa karo kamili utalilipa hadi watoto wako waanze shule.

Lakini usikadirie kwa hisia. Kila Desemba, shule zote zenye ithibati ya ABA hulazimika kuchapisha taarifa iitwayo 509. Humo utakuta alama za LSAT za waliodahiliwa katika ngazi tatu: robo ya chini, katikati, na robo ya juu. Utakuta na GPA, karo, wangapi walipewa ufadhili na wa kiasi gani, na wangapi waliacha shule mwaka wa kwanza. Iweke alama yako kwenye safu hizo. Ukiwa juu ya robo ya juu, shule inakuhitaji, na kwa kawaida itaonyesha hivyo kwa fedha. Ukiwa katikati, uko sawa na wenzako. Ukiwa chini ya robo ya chini, hata wakikuchukua utakuwa mmoja wa wanaolipia wengine ufadhili. Ndivyo mfumo unavyokwenda, ingawa hakuna ofisi ya udahili itakayokuambia kwa maneno hayo.

Tuseme shule moja inatoza dola 55,000 kwa mwaka. Kwa 151 haikupi kitu. Kwa 156 inakupunguzia 25,000. Kwa miaka mitatu hizo ni dola 75,000 kwa pointi tano, na pointi tano kwenye LSAT ni maswali saba au manane hivi. Kazi ya zamu gani inayolipa hivyo?

Hesabu hii imekuwa nzito zaidi kwa sababu ya sheria iliyotiwa saini Julai 2025. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lolote lililobaki, umeondolewa. Mwanafunzi wa sheria anaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Karo peke yake katika baadhi ya shule binafsi za miji mikubwa inapita 60,000 kabla hujalipa pango wala kula. Pengo lililobaki ni la benki, na benki inataka mdhamini. Katika familia zetu mdhamini ni mjomba yule yule wa Columbus mwenye mkopo wa nyumba na malori mawili barabarani. Ukimwomba atie saini, muonyeshe kwanza taarifa ya 509 ya shule yenyewe. Na kama uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, mikopo ya serikali haikuhusu tangu mwanzo. Kwako ufadhili ndio kila kitu, kwa hiyo kila pointi ina uzito mara mbili.

Ukipata ufadhili, soma masharti. Baadhi ya shule hutoa fedha kwa sharti la kubaki juu ya wastani fulani. Inasikika rahisi kwa aliyezoea kupata A chuoni. Mwaka wa kwanza wa sheria, hata hivyo, alama nyingi hugawanywa kwa kulinganisha darasa zima. Wakipewa wengi ufadhili wenye sharti la kuwa nusu ya juu, hesabu inadai baadhi yao waupoteze, wasome vipi wasome. Taarifa hizo hizo za ABA huonyesha idadi ya waliopunguziwa au kunyang'anywa.

Halafu angalia ufaulu wa mtihani wa uwakili. ABA inataka angalau asilimia 75 ya wahitimu wanaoufanya wafaulu ndani ya miaka miwili. Shule inayokaribia mpaka huo sitamshauri mtoto wa dada yangu aende kwa karo kamili, hata kama barua ya kudahiliwa imekuja na fulana.

Kusubiri mwaka mzima

Kwetu kusubiri kunaonekana kama kushindwa. Shangazi atauliza, "Bado tu?" Rafiki zako watakuwa wameanza. Lakini udahili wa shule za sheria hufunguka Septemba na maombi husomwa kadiri yanavyoingia, kwa hiyo mwenye alama nzuri Oktoba mara nyingi yuko mahali pazuri kuliko mwenye alama zile zile Machi. Msimu wa 2024–25 waombaji waliongezeka sana, na ushindani wa namna hiyo humuumiza zaidi aliyechelewa.

Hasara ya kusubiri ni mwaka mmoja wa mshahara wa uwakili utakaokuja mwishoni. Mkononi unapata mwaka mmoja wa mshahara wa sasa, muda wa kurekebisha kasi ya kusoma, na pengine kazi itakayoongeza uzito kwenye maombi: ukalimani mahakamani, kusaidia wakimbizi kujaza fomu za uhamiaji, ukarani katika ofisi ya wakili. Kiswahili chako kina soko kwenye kazi hizo, hasa penye jamii kubwa za Wakongo na Warundi. Kwa yule ambaye 151 ndicho kiwango chake halisi leo, na anayetaka shule zinazoanzia 158, hii ndiyo njia ninayoipa kura yangu, bila wasiwasi. Hailingani hata kidogo na kurudia kila miezi miwili kwa kutegemea bahati.

Anayesubiri ajue pia kwamba LSAC ilitangaza kuwa kuanzia Agosti 2026 wengi watafanyia mtihani kituoni badala ya nyumbani. Kwa anayeishi na wadogo zake wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili, hilo huenda likawa nafuu.

GRE, masomo ya jioni, na njia ya wenye LLB

GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya uzamili, niipitie haraka. University of Arizona ilianza kuipokea 2016, Harvard ikafuata 2017, na leo shule nyingi zinaikubali. Watu huiona kama mlango wa nyuma, ila kwa mtu ambaye ameshafanya LSAT mlango huo ni mwembamba: alama zako za LSAT zilizo hai shule huziona, na nyingi husema wazi kwamba mwenye LSAT atapimwa kwa LSAT. Tena GRE ina hesabu. Inamfaa mhandisi au mtakwimu ambaye LSAT hajaigusa. Kwa wewe uliyekwisha kuigusa, muda huo upeleke kwenye kurudia.

Masomo ya jioni au ya muda wa ziada, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne, yanastahili kufikiriwa zaidi ya yanavyofikiriwa. Taarifa ya 509 huyaonyesha kwenye safu yake, na katika baadhi ya shule alama za kuingilia ziko chini kidogo ya zile za mchana. Unafanya kazi, unakopa kidogo. Mitchell Hamline ya St. Paul, Minnesota, ina programu inayochanganya mtandaoni na darasani, iliyoanzishwa 2015 kwa kibali cha ABA. Minnesota imejaa watu wa Afrika Mashariki wenye familia na kazi, na ni hao programu kama hiyo inaweza kuwafaa. Ila mwenye F-1 asiipangie hesabu njia hii, kwa sababu viza yake inamtaka asome muda wote.

Sasa wako watu wanaohangaika na LSAT ambao labda hawaihitaji kabisa. Ni wale waliokuja Marekani na LLB, digrii ya kwanza ya sheria, ya Dar es Salaam, Mzumbe, Nairobi au Makerere, wakaambiwa na jirani kwamba digrii yao "haihesabiki". New York ina kanuni inayomruhusu aliyesoma sheria nje kuomba kufanya mtihani wa uwakili. Elimu ya angalau miaka mitatu ya muda wote, katika nchi inayofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, inaweza kutosha yenyewe. Aliyepungukiwa na sharti moja, liwe la muda au la mfumo, anaweza kuliziba kwa LLM, yaani uzamili wa sheria, yenye krediti 24 katika shule yenye ithibati ya ABA. Hapo wanaingia hata waliosoma Bujumbura au Kinshasa chini ya mfumo wa Kifaransa na Kibelgiji. LLM huchukua mwaka mmoja na kwa kawaida haidai LSAT.

Ukilinganisha, JD, ile digrii ya kawaida ya shule za sheria za Marekani, ni miaka mitatu na hufungua majimbo yote. LLM ni mmoja na hufungua majimbo machache, New York ikiwa mbele, na waajiri wengi bado hupendelea JD. Mwenye umri wa miaka 38, watoto, na miaka kumi ya uwakili Arusha, namwona zaidi upande wa LLM. Kabla ya kulipa senti yoyote, aombe bodi ya mitihani ya New York ipitie vyeti vyake. Mchakato huo una foleni, na nakala za matokeo kutoka chuoni nyumbani huchukua muda unaoujua mwenyewe.

Nyumbani uwaambie nini

Sioni haja ya kutangaza namba. Waliokuchangia ada wana haki ya kujua mpango: unarudia lini, au unaomba shule zipi, na itagharimu kiasi gani. Baba akiuliza, mwambie ukweli wote, maana atausikia kwa mtu mwingine. Kundi la familia lenye watu sitini halidai maelezo. "Bado tupo kwenye maandalizi, mtuombee" inatosha, na wakubwa wenye busara hawatachimba.

Shuleni pia usijieleze kupita kiasi. Barua ya nyongeza kuhusu alama ndogo inasaidia ikiwa kuna sababu inayothibitika: msiba wiki ile, kulazwa hospitali, au rekodi ya chuo inayoonyesha kwamba mitihani ya kuchagua majibu imekuwa ikikuangusha wakati GPA yako ilikuwa juu. Aya mbili. Ikifika aya ya tatu umeanza kulalamika.

Jambo moja la ratiba huwakamata wengi: mara nyingi dirisha la kujiandikisha kwa mtihani unaofuata hufungwa kabla matokeo ya huu hayajatoka. Ukiwa na shaka, jiandikishe, kisha uangalie kwenye tovuti ya LSAC tarehe ya mwisho ya kujiondoa na kiasi kinachorudishwa. Na usiyaone kuomba na kurudia kama njia mbili zisizokutana. Unaweza kupeleka maombi Novemba kwa alama ulizonazo, ukafanya mtihani wa Januari, na ukiwa umepanda, ukaziandikia shule zilizokukubali kuwaomba waangalie upya ufadhili kabla ya tarehe ya kulipa amana, ambayo kwa shule nyingi huangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei. Andika kwa ofisi ya udahili moja kwa moja, taja alama mpya, taja na ofa ya shule nyingine kama unayo. Wengine hukataa. Wengine huongeza maelfu kwa barua pepe moja.